Meno Kumi na Matatu: Historia ya Sproketi na Siasa ya Mwinuko

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini sisi walimu, kila tunapofundisha historia ya bodaboda, huanzia kwenye kodi na sheria, wala hatuanzii kwenye pikipiki yenyewe. Lilikuwa swali zuri, na jibu nililompa siku ile lilikuwa hafifu. Nalirudia hapa, safari hii nikianzia mahali ambapo watunga sera hawana desturi ya kutazama: kwenye cheni.

Pikipiki ya kazi ina sproketi mbili. Ndogo ya mbele hutoka kwenye injini, na kubwa ya nyuma hufungwa kwenye gurudumu. Chukua mfano wa meno 14 mbele na 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Maana yake sproketi ya mbele huzunguka mara tatu ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba hiyo ikipanda, pikipiki hupata nguvu ya kupanda mlima na kubeba mzigo, lakini hupoteza kasi. Ikishuka, kasi huongezeka na injini hutulia katika barabara tambarare, ila mlimani huanza kukohoa. Hakuna uwiano unaofaa kila mahali. Kwa hiyo kila pikipiki inapotoka kiwandani, kuna mtu aliyekwisha kuamua itapita barabara ya namna gani na itabeba nani.

Uamuzi huo una historia ndefu kuliko pikipiki. Baiskeli za Ulaya za miaka ya 1870, zile za gurudumu kubwa la mbele, hazikuwa na cheni. Pedali zilifungwa kwenye kitovu cha gurudumu lenyewe, na mzunguko mmoja wa miguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Aliyetaka kasi alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na gurudumu kubwa lilihitaji miguu mirefu. Mwaka 1880 Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, alipata hataza ya cheni ya rola. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli yake ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na cheni inayoendesha gurudumu la nyuma. Tangu hapo kasi haikutegemea tena urefu wa mguu wa mwendeshaji, bali idadi ya meno ya vyuma viwili. Sisi wanahistoria tumeandika mengi juu ya uhuru ambao baiskeli iliwaletea wanawake na wafanyakazi wa Ulaya, na mara nyingi tumesahau kutaja cheni.

Pikipiki za mwanzo zilirudi nyuma kidogo. Nyingi ziliendeshwa kwa mkanda wa ngozi na gia moja tu. Mkanda uliteleza mvua iliponyesha, na mlimani mwendeshaji alilazimika kupiga pedali kuisaidia injini, au kushuka na kusukuma. Mashindano ya kisiwa cha Man, yaliyoanza mwaka 1907, yalivumilia hali hiyo hadi mwaka 1911, waandaaji walipoyahamishia kwenye njia ya mlimani inayopanda ubavu wa Snaefell. Mwaka huo pikipiki za Indian kutoka Marekani, zenye cheni na gia mbili, zilishika nafasi tatu za kwanza katika mbio kuu. Mjadala wa mkanda haukuisha siku hiyo, lakini mlima ulikuwa umekwisha kutoa ushahidi wake.

Ushahidi wa aina hiyo hiyo ulitolewa tena katika nchi zetu na nchi zinazofanana nazo. Honda walipotoa CG125 katikati ya miaka ya 1970, waliisanifu kwa kuzingatia waendeshaji wa nchi zinazoendelea: watu wanaobeba mizigo kupita kiasi na kuchelewa kubadilisha oili. Wakairahisisha injini, wakaifunika cheni yote ili vumbi na mchanga visiilainishe njia ya kaburini. Viwanda vya China baadaye viliiga injini hiyo kwa wingi, na pikipiki za ukoo huo zikafika Afrika Mashariki kwa bei ambayo kijana wa kijijini angeweza kuifikiria.

Zilikuta biashara iliyokwisha kukomaa. Bodaboda ilizaliwa kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, Busia na Malaba, ambako abiria na magendo vilihitaji kuvushwa kati ya vituo viwili vya forodha. Baiskeli ile nzito ya chuma haikuwa na gia za kubadilisha. Mpaka ni tambarare kiasi, na hilo, kwa maoni yangu, ni sehemu ya maelezo ya kwa nini biashara ilianzia huko na si kwenye miinuko. Cheni ya baiskeli na cheni ya pikipiki nyingi za bodaboda zina hatua ile ile, nusu inchi kati ya pini na pini. Unene tu ndio uliobadilika. Ilipofika mwaka 2008, Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo. Tanzania nayo ikaweka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za abiria mwaka 2010. Hapo ndipo vitabu vyetu huanza kusimulia.

Lakini nenda Mombo, panda barabara ya Soni hadi Lushoto. Kwa safari ya kilomita zinazozidi kidogo 30 unapanda takriban mita elfu moja. Pikipiki iliyofungwa 14 kwa 42 hupanda ikiwa na mtu mmoja. Ikiwa na abiria na gunia la viazi, dereva hushikilia klachi nusu nusu kila kona, na sahani za klachi huungua kabla ya wakati. Dawa ya fundi ni ndogo: ng'oa sproketi ya mbele ya meno 14, funga ya 13. Uwiano unapanda kutoka 3 hadi takriban 3.23. Pale ambapo injini ilikupa kilomita 70 kwa saa, sasa inakupa 65. Jino moja la mbele ni sawa na meno matatu ya nyuma kwa athari, na sproketi ya mbele ni rahisi kuliko ya nyuma, tena haidai cheni ndefu zaidi. Gharama hujitokeza baadaye: cheni hukunjwa zaidi kwenye gurudumu dogo, kila jino hufanya kazi mara nyingi zaidi, vyote viwili huchakaa upesi. Fundi mwaminifu hukuambia ubadilishe cheni na sproketi zote kwa pamoja, kwa kuwa cheni iliyovutika hula meno mapya.

Faida kubwa, ambayo abiria haioni, ipo wakati wa kushuka. Gia fupi huiwezesha injini kuishika pikipiki, breki zikapumzika. Dereva wa Lushoto analijua jambo hilo, na sidhani kama lilipata kuandikwa katika kanuni yoyote.

Dereva wa Dar es Salaam hufanya kinyume. Hufunga 15, injini ikazunguka kidogo kwa mwendo ule ule, naye akatumaini kuokoa mafuta. Kama yuko kwenye mkataba, anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku, na mafuta ni yake mwenyewe. Mwenye chombo hana sababu ya kujali jino la kumi na tano. Nimesikia wenye pikipiki wakikataza mabadiliko hayo kwa kuwa yanaharibu chombo, na dereva akiyafanya kwa siri, akirudisha sproketi ya zamani siku ya ukaguzi.

Serikali inapomtazama dereva huyu huona kofia ngumu, leseni, na idadi ya abiria mgongoni. Sikatai: kofia huokoa vichwa, na mishikaki ya abiria watatu ni hatari mlimani hata ukifunga meno 12. Lakini tunaponunua pikipiki za umma, kama zile walizogawiwa maafisa ugani mwaka 2022, afisa wa tambarare za Dodoma na afisa wa milima ya Uluguru hawana mahitaji sawa. Anayeandika zabuni angeweza kuongeza mstari mmoja: kila pikipiki ije na sproketi ya mbele ya ziada, yenye pungufu ya jino moja, pamoja na cheni yake. Kwa bei ya pikipiki nzima, nyongeza hiyo haionekani.

Nilipomsimulia fundi mmoja wa Mombo wazo hili, alicheka, akavuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya benchi. Ndani yake kulikuwa na sproketi za mbele, zilizotumika na mpya, zimechanganyika na grisi. Za meno 14 zilijaa hadi juu, zote zimeng'olewa kwenye pikipiki ambazo hazijamaliza hata mwaka barabarani.