Mafunzo Kazini kwa Njia ya Mtandao na Mwalimu wa Sayansi: Hoja ya Kinachorudi kutoka Darasani

Mjadala kuhusu mafunzo kazini kwa njia ya mtandao, yaani mafunzo ambayo mwalimu aliyekwisha kuajiriwa huyapata kupitia kompyuta, simu au kishikwambi bila kuondoka kituoni kwake, umeelemea mno upande wa idadi: ni walimu wangapi wamesajiliwa, ni moduli ngapi zimepakiwa kwenye mfumo, na ni fedha kiasi gani zimeokolewa kwa kutowasafirisha walimu na kuwalipa posho za kujikimu. Maswali hayo yana uzito wake kwa serikali yenye walimu wengi na bajeti finyu, lakini hayagusi kiini cha jambo. Makala haya yanadai kwamba, kwa mwalimu wa sayansi na teknolojia, thamani ya mafunzo hayo hupimwa kwa yale yanayorudi kwa mkufunzi kutoka darasani, na kwamba mifumo inayotegemewa Afrika Mashariki inahatarisha thamani hiyo kila inapojiendesha kana kwamba njia ni ya kwenda tu.

Uzoefu wa mafunzo ya ana kwa ana unaeleza kwa nini. Mwaka 1998 Kenya, kwa ushirikiano na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ambao baada ya wilaya chache za majaribio ulipanuliwa nchi nzima kuanzia mwaka 2003, na kazi yake ikaendelezwa na kituo cha CEMASTEA kilichopo Karen, Nairobi. Mradi huo ulisisitiza mambo ambayo hadi leo hayajapata mbadala: mwanafunzi atende, jaribio lifanyike hata kwa vifaa vya kuundwa kutokana na mazingira, na mwalimu apange, atende, atazame kilichotokea, kisha aboreshe. Hata hivyo, ulitumia mfumo wa ngazi, ambapo wakufunzi wa kitaifa huwafundisha wakufunzi wa wilaya, nao huwafundisha walimu, na katika kila ngazi maarifa hupungua makali. La uzito zaidi ni kwamba semina zilifanyika wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa makwao, hivyo mzunguko uliohitaji kutazama kilichotokea ukafundishwa pasipo na cha kutazamwa. Mtandao unaweza kuziba pengo hilo hasa, kwa kuwa unamfikia mwalimu katikati ya muhula, baina ya kipindi cha Jumanne na cha Alhamisi.

Aina ya maarifa yanayohusika inaikazia hoja hii. Mwaka 1986 mtafiti wa elimu Lee Shulman alieleza kwamba mbali na kulijua somo na kujua mbinu za jumla za kufundisha, mwalimu huhitaji maarifa ya tatu, yaani kujua jinsi mada fulani inavyofundishika: wapi wanafunzi hukwama, mfano upi huwakwamua, na swali lipi huwapoteza. Mwaka 2006 watafiti Punya Mishra na Matthew Koehler waliongeza teknolojia katika muundo huo, wakisisitiza kwamba kujua kutumia kifaa hakutoshi iwapo mwalimu hajui kifaa hicho kinaibadilishaje mada anayoifundisha. Maarifa ya namna hii huzaliwa darasani, na ndiyo maana moduli iliyoandikwa makao makuu haiwezi kuyakamilisha peke yake.

Mada ya umeme inalionesha jambo hili kwa karibu. Balbu mbili zinapounganishwa katika sakiti mfuatano, yaani sakiti yenye njia moja tu ya mkondo, wanafunzi wengi huamini kwamba balbu ya kwanza hula sehemu ya mkondo na kuiachia ya pili mabaki, ilhali mkondo ni uleule kila mahali katika sakiti hiyo. Programu za kuigiza majaribio, kama zile za mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, huonesha ukweli huo kwa usafi wa kupendeza, kwani balbu zake zinalingana kabisa na waya zake hazilegei. Darasani mambo ni mengine: balbu mbili zilizonunuliwa duka moja mara nyingi hutofautiana kidogo kwa ukinzani, moja huwaka zaidi, na ikitokea kwamba ndiyo iliyotangulia, jaribio zima huwa ushahidi wa kosa lilelile lililokusudiwa kusahihishwa. Mwalimu mzoefu huzibadilisha nafasi, na wanafunzi huona kwamba mwanga mkali umeifuata balbu, haukubaki mahali pake. Mbinu hiyo ndogo hupita mkononi mwa mwenzake aliyeuliza siku ileile mambo yalipoharibika, na mfumo usio na nafasi ya swali hilo haujamfunza mwalimu wa fizikia, hata ukimpa cheti.

Tanzania ina msingi mzuri wa kujengea. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, unaunganisha moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania zinazosomwa mtandaoni na jumuiya za ujifunzaji, ambamo walimu wa shule moja hukaa pamoja kujadili masomo yao, na vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu. Muundo huo ni bora kuliko kumwacha mwalimu peke yake na kioo. Kasoro hujitokeza pale jumuiya na moduli zinapoishi mbalimbali: kikao cha shule hakiletwi kwa mkufunzi, na mkufunzi hajui kwamba shule kadhaa zimekwama mahali pamoja. Katika shule za kata, ambako mwalimu wa fizikia huenda akawa mmoja tu, kikao cha shule hakimpatii wa kujadili naye sakiti. Huyo ndiye anayeuhitaji mtandao kuliko wote, na anachohitaji ni mwenzake wa somo katika wilaya nyingine.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba mrejesho wa namna hii, yaani kumtumia mkufunzi yaliyotokea darasani, unamwongezea mzigo mwalimu mwenye vipindi vingi na madarasa yaliyofurika. Pingamizi hilo lina haki, ila linaanguka mrejesho unapokuwa mwepesi: picha ya kurasa mbili za madaftari ya wanafunzi, isiyo na majina yao, na maelezo ya sauti ya dakika moja hutumia bando kidogo na humweleza mkufunzi mengi kuliko alama za maswali ya kuchagua. Suala la gharama, kwa upande mwingine, halikwepeki. Kenya ilipozindua mafunzo ya lazima ya walimu mwaka 2021, ada ya shilingi 6,000 kwa mwaka iliyotakiwa itoke mfukoni mwa mwalimu ilizua upinzani mkali wa vyama vya walimu, na ni vigumu kuulaumu upinzani huo. Mwajiri anayedai ushahidi wa darasani hana budi kulipia bando la kuutuma, kupunguza kipindi kimoja au viwili kwa juma ili uandaliwe, na kuajiri wakufunzi wa kutosha kuusoma na kuujibu kabla mada haijapita.