Ndege Ndogo za Motere Mbili: Mbona Zinaanguka?

Tarehe 24 Novemba 2019 ilikuwa Dominika ya Kristo Mfalme. Asubuhi, kama saa tatu, saa ambayo Wakristo wengi wa Goma huwa kanisani au njiani kwenda Misa, ndege ndogo ya shirika la Busy Bee iliondoka uwanjani kuelekea Beni na Butembo. Ilikuwa Dornier 228, iliyobuniwa na Wajerumani, yenye nafasi ya wasafiri 19 na motere mbili. Haikufika mbali. Mara tu baada ya kuruka iliangukia nyumba za watu katika mtaa wa Mapendo, karibu na Birere. Wote waliokuwamo walikufa, na pamoja nao wakafa watu waliokuwa nyumbani mwao, wasiokata tikiti wala kuwa na safari yoyote.

Inapotokea ajali ya namna hii, neno moja husikika kila mahali: “Lakini si ilikuwa na motere mbili? Moja ikifa, si ya pili ingeibeba?” Swali hili ni la haki, na katika makala hii nataka kulijibu kwa kadiri niwezavyo, kwa kutazama ajali chache zilizotokea kweli. Sisi watu wa Kivu, na wenzetu wa Maniema na wa Bandundu, hatupandi ndege ndogo kwa anasa. Twazipanda kwa sababu barabara hakuna, au ipo lakini ina matope na bunduki.

Fikira ya kutia motere mbili si ya kipumbavu. Tangu zamani wenye kutengeneza ndege walijua kwamba motere moja ikizimika juu ya msitu, rubani hana kimbilio. Ndiyo maana hata zamani za Wabelgiji shirika la Sabena lilileta Kongo ndege ndogo za motere mbili zilizoitwa Dove, maana yake njiwa. Katika ndege kubwa za siku hizi sheria hudai kwamba motere moja iweze kuipandisha ndege hata ya pili ikifa wakati wa kuruka. Lakini katika ndege ndogo nyingi, hasa za zamani, akiba ya nguvu ni kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Tutazame mfano wa mshahara. Baba mmoja apata faranga 100, na chakula cha nyumbani chala 45. Humbakia 55 za kujenga. Sasa mshahara ukipunguzwa hata 50, je, amepoteza nusu ya ujenzi wake? Hapana, amebakiwa na faranga 5 tu. Ndege ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya nguvu yake hutumika kuiweka hewani isianguke, na kilichobaki ndicho kinachoipandisha. Motere moja ikifa, karibu akiba yote ya kupandia imekwenda. Tena Goma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kupita bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Motere haipati pumzi ya kutosha, wala mabawa hayapati hewa nzito ya kujiegemeza. Ongeza jua kali, ongeza mzigo, utaona jinsi zile faranga 5 zinavyoweza kuwa deni.

Jambo la pili wavuvi wa ziwa wataelewa upesi kuliko mimi. Mtumbwi ukiwa na wapiga kasia wawili, mmoja kuume na mwingine kushoto, na mmoja akaacha ghafula, mtumbwi hugeuka. Ndege nayo hugeuka upande wa motere iliyokufa, na mbaya zaidi, pangaboi lake lililosimama au linalozungushwa na upepo huizuia ndege kama mlango uliofunguliwa upeponi. Rubani lazima azigeuze upesi zile panga zikate hewa kama ukingo wa kisu, akanyage usukani wa mkia kwa nguvu, na kulinda mwendo. Mwendo ukipungua chini ya kiasi fulani, usukani haushiki tena, na ndege hulala ubavu ikapinduka. Marubani wa Marekani wana mzaha wao mchungu: husema kwamba kazi ya motere ya pili ni kukufikisha mahali pa ajali.

Kuna namna nyingine ya kupotea, nayo ni kuua motere iliyo nzima. Mtu ambaye hajaona joto la dakika ile atasema haiwezekani. Tarehe 24 Septemba 2009, huko Durban, Afrika ya Kusini, ndege ya Jetstream 41 iliruka bila wasafiri, ikiwa na marubani wawili na mhudumu mmoja, kwenda Pietermaritzburg. Motere ya kuume iliharibika ilipokuwa ikiacha ardhi. Katika fadhaa ile rubani mkubwa akazima ya kushoto, iliyokuwa ikifanya kazi vema. Basi hawakuwa na motere hata moja. Walitua kwa nguvu katika uwanja wa shule ya Merebank. Siku ile ilikuwa sikukuu ya taifa, na shule ilikuwa imefungwa. Rubani alikufa siku chache baadaye kwa majeraha yake, wenzake wakapona. Sitaki kumhukumu. Alikuwa na sekunde chache tu, sisi tunasoma habari zake tumeketi.

Lakini tukisema motere tu, tutakuwa tumewaonea. Ajali nyingi za ndege hizi hutokea motere zote mbili zikinguruma. Wakongo tunayo moja iliyosimuliwa dunia nzima, na wazungu wengi waliicheka, jambo lililoniudhi. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ya Let 410 ya shirika la Filair, iliyotengenezwa katika nchi ya Wacheki, ilikuwa ikikaribia kutua Bandundu. Ilianguka juu ya nyumba karibu na uwanja. Katika watu 21, alipona mmoja tu. Kwanza ilisemwa kwamba esanse ilikwisha. Baadaye gazeti la Jeune Afrique lilitoa masimulizi ya yule aliyepona: msafiri mmoja alikuwa ameficha mamba mchanga katika mfuko, apate kumwuza, mamba akatoka, mhudumu akakimbilia mbele kwa marubani, na wasafiri wote wakamfuata. Ndege ikalemewa puani, ikashindwa kunyanyuka. Inasemekana mamba alitoka mzima katika mabaki, akauawa kwa panga.

Huko Uingereza, kwao mmoja wa marubani, kifo chake kilichunguzwa, na habari ya mamba ilijadiliwa pasipo kuthibitishwa kabisa. Nami siisimulii kama Injili. Lakini ukweli mmoja ulio ndani yake haupingiki: ndege ndogo ni kama mzani. Ndege kubwa yaweza kustahimili watu wanaotembea kwenda msalani. Katika ndege ya watu 19, wanaume kumi wakihama kutoka nyuma kwenda mbele wamehamisha karibu kilo 700, na hakuna rubani anayeweza kurekebisha hayo akiwa karibu kugusa chini. Mwenye kumpa mpimaji kitu kidogo ili gunia lake lisiwekwe mizanini hafikiri hivyo. Anafikiri amepata nafuu ya faranga chache.

Je, ni sisi tu wenye mambo haya? La hasha. Ajali inayoonyesha mzigo na uzembe waziwazi kuliko zote nizijuazo ilitokea Marekani, mahali penye mizani, vitabu, wakaguzi na mihuri.

Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya Beechcraft 1900D ya shirika la Air Midwest iliondoka Charlotte kwenda Greenville-Spartanburg. Ilikuwa na wasafiri 19 na marubani wawili. Nafasi zote zilijaa. Motere zote mbili zilikuwa nzima. Ilipoacha ardhi pua yake ikainuka, ikazidi kuinuka, na marubani wakasukuma usukani mbele kwa nguvu zao zote bila kuishusha. Ikakosa mwendo, ikageuka, ikaanguka kando ya banda la ndege na kuwaka moto. Tangu kuruka hadi kuanguka haikupita hata dakika moja. Wote 21 wakafa.

Wachunguzi wa serikali walifanya kazi zaidi ya mwaka mzima. Waliona kwamba siku mbili kabla, usiku, ndege ile ilikuwa imeshughulikiwa na mafundi huko Huntington, West Virginia. Fundi aliyekaza kamba za chuma zinazovuta kibawa cha mkiani, kile kinachoinua na kushusha pua, hakuwa ameifanya kazi hiyo katika ndege ya aina ile kabla ya hapo. Alikuwa akijifunza, na mkaguzi aliyemsimamia ndiye pia aliyepaswa kuipima kazi ikiisha. Waliruka hatua kadhaa za kitabu, na kipimo cha mwisho ambacho kingefichua kosa hakikufanywa. Kibawa kikabaki na karibu nusu tu ya nafasi yake ya kushusha pua.

Hata hivyo ndege ile iliruka safari tisa bila ajali. Safari ya kumi ilikuwa na watu na mizigo mingi zaidi, tena mizigo mingi iliwekwa nyuma. Je, marubani walidanganya? Hapana! Walihesabu kama sheria ilivyoagiza, na karatasi ilionyesha kwamba uzito haukuzidi. Lakini sheria yenyewe ilitumia uzito wa kukadiria kwa kila mtu na kila sanduku, na watu wa Marekani walikuwa wamenenepa. Kwa kweli ndege ilizidi kiasi kwa zaidi ya kilo 200, na uzito ulikuwa mkiani. Wakuu wa anga walipowapima wasafiri baadaye, waliona mtu mmoja amezidi makadirio ya zamani karibu kilo 9. Hapo wakabadili hesabu kwa mashirika yote. Yaani kwa miaka kadhaa ndege nyingi zilikuwa zikiruka na uongo ambao hakuna mtu aliyeusema.

Wazazi wa mmoja wa marehemu walidai jambo ambalo mawakili wa mashirika hulikwepa sana. Kwa kawaida shirika hulipa fedha, watu hutia sahihi, na hakuna anayekiri lolote mbele ya watu. Wao walisema fedha hazitoshi: shirika lisimame hadharani liseme. Baada ya miaka zaidi ya miwili walipata. Mwezi wa Mei 2005, huko Charlotte, mbele ya jamaa za waliokufa, mkuu wa Air Midwest alisimama, akasoma maneno ya majuto, akaomba radhi kwa jina la shirika lake. Miaka mitatu baadaye shirika lenyewe likafungwa.