Pindua Bakuli la Bibi Kabla Hujaliuza

Aliyerithi bakuli la bibi huanza kutazama maua yaliyo ndani. Mjuzi wa vyombo vya kale hulipindua kwanza, asome kitako.

Katika nyumba za mawe za Lamu, za karne ya 18, ukuta wa ndani ulijengwa zidaka, na humo vikapangwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Karne iliyofuata ikaleta mizigo ya Ulaya. Petrus Regout alianza kutengeneza vyombo vya udongo mjini Maastricht, Uholanzi, mwaka 1836, na bidhaa za mji huo zikafika hadi Unguja na Omani. Ndiyo maana bakuli linaloitwa la Mchina nyumbani laweza kuwa la Mholanzi. Liinue kwenye mwanga: kauri halisi, ikiwa nyembamba, hupitisha nuru, udongo wa Maastricht hauipitishi.

Chapa nayo isomwe kwa makini. Kiwanda cha Regout kilichukua jina la De Sphinx mwaka 1899, lakini jina la mwasisi liliendelea kugongwa baadaye. Ukiona chini yake "Made in Holland", hicho ni chombo cha karne ya 20. Alama ya Kiingereza yenye umbo la almasi na herufi pembeni ni ya kati ya 1842 na 1883, nayo huonyesha siku mchoro uliposajiliwa, si siku chombo kilipochomwa. Vyombo vya Uchina ndivyo vinavyopoteza wengi: wafinyanzi wa enzi ya Kangxi, iliyoisha 1722, waliandika kwa heshima jina la Chenghua, mfalme wa karne ya 15. Basi maandishi pekee hayathibitishi umri.

Mimi huamini zaidi kidole. Kipitishe kwenye ukingo wa kitako. Uliochakaa kwa kuburutwa mezani miaka mingi umelainika hapa, umebaki mkali pale. Uliokwanguliwa kwa msasa una mikwaruzo inayoelekea upande mmoja. Kisha fuata mstari wa maua. Yaliyogongwa kwa sifongo, kama mengi ya Maastricht, hayalingani kwa uzito wa rangi, na mahali duara linapofungia, ua la mwisho hubanwa au hupanda juu ya la kwanza. Mashine ya leo haikosei hivyo. Nyufa nyembamba kama nywele zisikubabaishe, kwani huweza kutengenezwa na kutiwa rangi ya chai.

Usilisugue kwa dawa ya kung'arisha wala usiligundishe kwa gundi ya dukani. Usiweke ndani yake achari wala ndimu, kwani rangi na mng'aro wa zamani huweza kuwa na risasi. Na kabla wazee hawajaondoka, waulize lilitoka kwa nani na lilinunuliwa bandari gani, uandike majibu na kuyahifadhi pamoja nalo.