Kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Upanga: Suala la Usawa katika Udahili wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, 1961 hadi Miaka ya 1990

Mipango miji ya wakoloni iliigawa Dar es Salaam kwa rangi. Uzunguni palikuwa pa Wazungu, Uhindini pa Waasia na Kariakoo pa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na Uhindini. Upanga, uliopanuliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulikuwa hasa makazi ya Waasia. Elimu nayo iliifuata ramani hiyo: kila rangi ilikuwa na shule zake, hadi mfumo huo ulipofutwa mwanzoni mwa 1962.

Si jambo dogo, basi, kwamba chuo kikuu cha kwanza nchini kilianzia ukingoni mwa uwanja huo. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kilifunguliwa katika jengo la TANU, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Tiba ilibaki mjini: shule ya udaktari iliyoanzishwa Upanga mwaka 1963, katika hospitali ya Princess Margaret ambayo sasa ni Muhimbili, ilifanywa kitivo cha chuo hicho mwaka 1968.

Ubaguzi wa rangi uliweza kufutwa kwa sheria kwa kuwa ulikuwa umeandikwa katika sheria. Suala la jinsia lilikuwa gumu zaidi. Hapakuwa na kifungu kilichomzuia mwanamke kudahiliwa. Mchujo ulikuwa umekwisha kufanyika chini, katika uchache wa nafasi za wasichana sekondari. Chuo kilipokea tu kile ambacho kidato cha sita kilimletea.

Ugumu huo ulidhihirika baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974. Azimio lilimtaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, kisha aombe chuo akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Shabaha yake ilikuwa kuvunja kiburi cha wasomi, na kumbukumbu ya Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na kufukuzwa kwa mamia, ilikuwa bado mbichi. Lakini miaka hiyo ya kusubiri ndiyo iliyokuwa miaka ya kuolewa na kuzaa. Idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka, na kabla muongo huo haujaisha waliruhusiwa kujiunga moja kwa moja kutoka shuleni. Msamaha huo waweza kuitwa upendeleo. Hata hivyo, kilichowaumiza wanawake ni kanuni iliyokuwa sawa kwa wote, na hoja hii haikupewa uzito unaostahili katika mijadala ya wakati ule, iliyotawaliwa na suala la tabaka.

Katika miaka ya 1990 Mlimani palianzishwa kozi ya maandalizi kwa wasichana walioomba masomo ya sayansi, wakiwamo waliokosa alama kwa kiasi kidogo. Hatua hiyo ilikiri hadharani kwamba alama za mtihani hupima pia shule aliyosoma mtahiniwa: kama ilikuwa na maabara, na kama ilikuwa na mwalimu wa fizikia. Kwa udaktari wa Upanga, unaodai baiolojia, kemia na fizikia, upungufu huo wa sekondari ndio uliokuwa mlango wenyewe.