Sandarusi Juu ya Meza

Wiki iliyopita nilikuwa napiga msasa meza ya kulia chakula, vanishi yake kuukuu ilikuwa mikwaruzo mitupu. Dukani niliuliza kama kuna ya sandarusi. Kijana akaniuliza, "Ule ubani?" Nikarudi na kopo la poliyurethani.

Simlaumu. Lakini katika karne ya 19, vanishi zilizosifiwa kwa ugumu zilitengenezwa kwa sandarusi ya Mrima. Na si utomvu mbichi unaochuruzika mtini. Huo uliitwa chakazi, na wafanyabiashara wageni wakaliparaza neno hadi likawa "jackass", yaani punda! (Nilicheka, kisha nikanuna.) Iliyotakiwa ni ile iliyozikwa ardhini miaka na miaka, mti wenyewe ushaoza, nayo imekuwa ngumu na ngozi yake ina vipele. Wachimbaji waliifukua kwa majembe, na malipo mara nyingi yalikuwa nguo. Kutoka Unguja nyingi ilipelekwa Salem, Marekani, na wafanyabiashara wa mji huohuo ndio waliotuletea merikani. Watengeneza vanishi waliiyeyusha kwa moto mkali, wakaichanganya na mafuta ya kitani na tapentaini, ikapakwa kwenye magari ya farasi na samani.

Kwa hiyo mtu aliyechimba alipata shuka, na meza iliyong'aa ikawa ya mwingine, ng'ambo. Hilo ndilo linaloniudhi kila nikishika brashi.

Tabaka la kwanza limekauka. Kesho napitisha msasa laini, kisha la pili.