Mwezi mpevu wa Pasaka: maana yake katika Maandiko na katika maisha ya ziwani

Kila mwaka, wiki chache kabla ya Pasaka, waamini wa Kalemie hutuuliza maswali yale yale. Kwa nini Pasaka huhama, mara Machi, mara Aprili, wakati Noeli haihami? Je, mwezi una nguvu ya kiroho? Mkristo afanye nini na desturi za mwezi alizozikuta kwa wazee wake? Katika makala hii tumekusanya yale ambayo Maandiko na historia ya Kanisa yanatufundisha, pamoja na yale tunayoyaona sisi wenyewe kando ya Ziwa Tanganyika.

Mwezi mpevu ni nini

Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Unarudisha nuru ya jua. Unapokuwa upande wa pili wa dunia, ukilielekea jua, tunauona wote mviringo. Siku hiyo unachomoza jua linapotua, karibu saa kumi na mbili jioni, na kututuzia usiku kucha mpaka alfajiri. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu hivi.

Katika nchi za kaskazini, mwezi mpevu wa Machi au Aprili huitwa wa majira ya kuchipua, kwa sababu baridi imekwisha na miti inatoa majani. Kalemie iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na hatuna majira hayo. Kwetu miezi hiyo ni ya mvua, na ziwa hujaa. Lakini Biblia iliandikwa katika nchi yenye majira hayo, na sikukuu yetu kubwa kuliko zote ilizaliwa huko.

Pasaka ilianza chini ya mwezi mpevu

Waisraeli walihesabu mwezi kuanzia mwandamo. Kwa hiyo siku ya 14 na ya 15 ndizo siku za mwezi kujaa. Katika Kutoka 12 Mungu anawaagiza wachague mwanakondoo siku ya 10 ya mwezi wa kwanza, wamtunze mpaka siku ya 14, kisha wamchinje jioni na kupaka damu kwenye miimo ya milango. Usiku ule ule walikula haraka, viatu miguuni, tayari kwa safari. Watu waliotoka Misri usiku, pamoja na watoto na mifugo, walitoka mwezi ukiwa umejaa.

Mwezi huo uliitwa Abibu (Kutoka 13:4), neno linalohusu masuke mabichi ya shayiri. Baada ya Pasaka, mganda wa kwanza wa mavuno uliletwa mbele za Bwana (Walawi 23:9-14). Paulo anaichukua picha hiyo anapomwita Kristo aliyefufuka limbuko lao waliolala (1 Wakorintho 15:20).

Bwana Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka, kwa hiyo usiku wa Gethsemane nao ulikuwa wa mbalamwezi. Yohana 18:3 inasema waliokuja kumkamata walibeba taa na mienge. Walihitaji taa ili kumtafuta kati ya mizeituni mtu ambaye hakuwa anajificha.

Jambo lingine linafuata. Siku ya msalaba giza lilifunika nchi kuanzia saa sita mpaka saa tisa (Luka 23:44). Wengine hufikiri kwamba jua lilipatwa. Lakini jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia, na hilo hutokea tu wakati wa mwezi kuandama, kamwe si wakati wa mwezi mpevu. Tena kupatwa kwa jua kabisa huchukua dakika chache, si saa tatu. Mwandishi Mkristo Julius Africanus alilisema hilo tayari katika karne ya 3. Giza lile halikutokana na mwendo wa kawaida wa mbingu.

Jinsi tarehe inavyopatikana

Wakristo wa kwanza hawakukubaliana juu ya siku. Makanisa ya Asia Ndogo yaliadhimisha siku ya 14 ya mwezi, iwe Jumatatu au Alhamisi. Roma na makanisa mengine yaliadhimisha Jumapili, siku ya ufufuo. Karibu mwaka 155, Polikarpo wa Smirna alikwenda Roma kuzungumza na Askofu Aniketo. Hakuna aliyemshinda mwenzake, lakini walishiriki meza ya Bwana pamoja na kuagana kwa amani. Mfano huo tunauhitaji hata leo.

Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea uliamua kwamba makanisa yote yaadhimishe Jumapili moja. Kazi ya kuhesabu ilifanywa hasa na kanisa la Aleksandria, hapa Afrika, kwa sababu wataalamu wa nyota walikuwa huko. Askofu wa Aleksandria aliandika barua kila mwaka kutangaza tarehe. Katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, Athanasio aliorodhesha pia vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo mkononi sasa.

Kanuni iliyobaki ni hii: Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baadaye. Tarehe 21 Machi huhesabiwa kuwa siku ambayo mchana na usiku hulingana. Mwezi mpevu ukiangukia Jumapili, tunangoja Jumapili inayofuata. Ndiyo maana Pasaka haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Mwaka 1943 ilikuwa 25 Aprili, na itakuwa hivyo tena mwaka 2038.

Kwa miaka iliyo karibu hesabu ni hii:

- 2025: mwezi ulijaa Jumapili 13 Aprili, Pasaka ikawa 20 Aprili.
- 2026: mwezi mpevu Alhamisi 2 Aprili, Pasaka 5 Aprili.
- 2027: mwezi mpevu Jumatatu 22 Machi, Pasaka 28 Machi.
- 2028: mwezi mpevu usiku wa kuamkia 10 Aprili, Pasaka 16 Aprili.

Kanisa hutumia jedwali linalorudia kila miaka 19, si kuangalia angani. Mara chache jedwali na anga hutofautiana. Mwaka 2019 mwezi ulijaa 21 Machi, saa chache tu baada ya mchana na usiku kulingana, lakini kwa jedwali ulikuwa umejaa siku moja kabla. Pasaka ikasubiri mpaka 21 Aprili. Waorthodoksi wengi hufuata kalenda ya zamani, na mara nyingi tarehe yao ni nyingine. Sisi Waprotestanti tunafuata kalenda iliyotengenezwa chini ya Papa Gregori wa 13 mwaka 1582. Uingereza ya Kiprotestanti iliikubali mwaka 1752 tu. Hakuna wokovu katika jedwali. Ni utaratibu wa kutusaidia kufurahi pamoja.

Desturi za mwezi kando ya ziwa letu

Babu zetu nao waliutazama mwezi. Kwa Watabwa, wanaokaa kusini mwetu kuelekea Moba na Zambia, pembetatu zilizochongwa kwenye viti na sanamu, na kuchanjwa mwilini, huitwa *balamwezi*, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Mswahili anayesema *mbalamwezi* anasikia undugu wa maneno hayo mara moja. Kwao usiku usio na mwezi ulikuwa wa hatari, na mwezi mpya ulileta tumaini. Majirani zetu Waislamu, kama inavyojulikana, hungoja mwandamo ili kuanza na kumaliza Ramadhani.

Katika Israeli pia mwandamo ulikuwa na sadaka na tarumbeta (Hesabu 10:10; 28:11-15), na Daudi alitazamiwa mezani pa mfalme siku hiyo (1 Samweli 20). Kuhesabu siku kwa mwezi si dhambi. Zaburi 104:19 inasema mwezi uliwekwa kwa ajili ya majira. Tamaa ya kuona nuru ikirudi baada ya giza nayo si ya kudharauliwa, kwa sababu ndiyo tunayoihubiri asubuhi ya Pasaka.

Lakini Maandiko yanaweka mpaka. Kumbukumbu la Torati 4:19 inakataza kuvisujudia vilivyo angani. Ayubu anakiri kwamba kuubusia mwezi mkono kwa siri kungekuwa kumkana Mungu (Ayubu 31:26-28). Mfalme Yosia aliwaondoa waliofukizia mwezi uvumba (2 Wafalme 23:5). Naye Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba mtu asiwahukumu kwa sababu ya sikukuu au mwandamo wa mwezi. Mambo hayo ni kivuli, na mwili ni wa Kristo (Wakolosai 2:16-17).

Mtoto mwenye kifafa hakupigwa na mwezi

Hapa kuna jambo linaloumiza nyumba nyingi. Tangu zamani, katika mataifa mengi, watu waliamini kwamba mwezi mpevu huleta kifafa. Hata neno la Kigiriki katika Mathayo 17:15, ambalo Biblia zetu hulitafsiri kuwa kifafa, maana yake ya asili ni kupigwa na mwezi. Lilikuwa jina ambalo watu wa wakati ule waliupa ugonjwa. Yesu hakuusemesha mwezi. Alimponya mtoto na kumrudisha kwa baba yake.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mgonjwa. Kuna dawa zinazowasaidia wagonjwa wengi kuishi bila kuanguka, mradi wazimeze kila siku bila kukatiza. Mtoto anayeanguka apelekwe kwenye kituo cha afya. Kanisa limwombee, lakini lisimfiche, lisimfunge, wala kumshitaki mtu kwamba amemroga. Anapoanguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kuumiza karibu naye, na usimtie kitu chochote mdomoni.

Pasaka hufika wakati mitumbwi imepumzika

Kalemie inaishi kwa ndagala. Wavuvi huwavua usiku kwa taa: samaki hufuata nuru, nao nyavu huwakusanya. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina nuru, na taa ya mvuvi haiwavuti tena. Kwa hiyo siku za kabla na baada ya mwezi mpevu mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Wavuvi hurekebisha nyavu. Wamama wanaokausha na kuuza ndagala hukaa bila mali, na madeni ya dukani huongezeka.

Sasa tuunganishe mambo mawili. Pasaka huwekwa siku chache tu baada ya mwezi mpevu, kwa kanuni ile ya karne nyingi. Basi kila mwaka Juma Takatifu huangukia katika siku ambazo ziwa halitoi, au limeanza tu kutoa. Mwaka 2026, kwa mfano, mwezi unajaa Alhamisi na Ijumaa Kuu ni kesho yake. Wakati wachungaji wanatangaza sadaka ya sikukuu na watoto wanaomba nguo mpya, ndipo nyumba ya mvuvi ina kidogo kuliko siku zote. Mtu akiona haya kwa kukosa kitu cha kutoa, huenda asije ibadani kabisa.

Katika siku hizo hizo njaa hufungua mlango kwa wanaouza dawa ya kuita samaki. Awe ni mganga anayetaka kuku, au mtu anayejiita nabii anayetaka pesa kwa sala ya mwezi mpevu, biashara ni moja. Samaki watarudi kwenye taa usiku utakapokuwa na giza tena, kwa aliyelipa na kwa asiyelipa. Muumba amelipanga hivyo, na hatozi ada.

Tunapendekeza kwa makanisa ya ziwani mambo manne:

1. Tarehe ya Pasaka na ya mwezi mpevu zitangazwe tangu Januari, ili familia ziweke akiba wakati wa usiku wa giza. Likelemba ya wavuvi au ya wamama inaweza kupanga mgao uangukie wiki hiyo.
2. Sadaka maalumu ya Pasaka ipokelewe wiki mbili au tatu baadaye, mitumbwi ikisharudi kazini. Hakuna andiko linaloilazimisha siku ya Pasaka yenyewe.
3. Mashemasi wapitie nyumba za wajane na za wavuvi kabla ya Ijumaa Kuu. Katika Kutoka 12:4 nyumba iliyokuwa ndogo mno kwa mwanakondoo mzima iliungana na jirani. Kula pamoja ni sehemu ya Pasaka tangu mwanzo.
4. Usiku wa mbalamwezi utumiwe. Wavuvi ambao kwa kawaida hukosa ibada za jioni wako nyumbani. Huo ni wakati wa mafundisho, nyimbo na kesha la Pasaka, nao waamini wanaona njia ya kurudi kwao.

Neno la mwisho

Ufunuo 21:23 inasema mji ule hauhitaji jua wala mwezi, kwa kuwa utukufu wa Mungu huutia nuru, na taa yake ni Mwanakondoo. Mpaka siku hiyo, tuupokee mwezi kama saa iliyotundikwa juu ya ziwa. Saa hutuambia wakati umefika, lakini hakuna anayeiomba chakula. Mwezi wa Pasaka ukichomoza ng'ambo ya ziwa, tumshukuru aliyeutundika, kisha tuangalie nani kati ya majirani hajawasha moto jioni hiyo.