Mfarishi wa Kanga na Mpira: Historia Iliyolala Chini ya Shuka



Msimu wa harusi ukikaribia, tunavuka bahari na orodha zetu: mapazia, vyombo, mashuka, doti za kanga. Tukishuka boti tunaelekea Kariakoo na Gerezani, jioni tunarudi na mizigo. Leo tunazungumzia kitu ambacho hakimo katika orodha nyingi za mabibi harusi: mfarishi unaofulika, wenye mpira mgongoni.

Tulikijua kwa sababu ya bibi yetu. Alifika umri mkojo ukawa unamtoka bila hiari, akaacha kulala kwa wanawe. Kila akialikwa ana udhuru. Tulidhani ametususa, kumbe alikuwa akiogopa kuharibu magodoro ya watu.

Mfarishi si jambo geni kwetu. Ni kitambaa juu, kitambaa chini, na pamba au sufi katikati, vyote vimeshikwa kwa uzi. Sufi ni laini, lakini ikilowa hushikana mabonge na haikauki upesi. Ndiyo maana wazee walianika zaidi kuliko walivyofua.

Vitambaa navyo vina safari yao. Katika karne ya 19 pwani yetu ilivaa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vikaipunguza sana merikani, na vitambaa vya Uingereza na India vikashika nafasi. Baadaye wanawake wa Unguja na Mombasa wakaanza kununua leso, wakaziunganisha sita sita, na humo ikazaliwa kanga yenye pindo na mji. Jina lilifuata baadaye.

Na mpira? Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Scotland alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji: mpira ulioyeyushwa, umebanwa kati ya vitambaa viwili. Ila ulinata kwenye joto, ukakakamaa kwenye baridi. Charles Goodyear wa Marekani aliupika pamoja na salfa, akapata hataza mwaka 1844, na hapo ukastahimili joto. Wajerumani walipanda mipira kwa wingi Tanga na Usambara, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913. Leo kitambaa hicho mara nyingi ni plastiki, lakini sisi bado twakiita mpira, kama ule ambao mama mjamzito huambiwa abebe anapokwenda kujifungua.

Kariakoo imepata jina lake kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Gerezani, jirani yake, limebeba neno gereza, ambalo asili yake ni Kireno na maana yake ni kanisa. Kwetu likawa ngome, kisha jela. Kanga za jumla ziko karibu, Mtaa wa Uhuru, uliokuwa ukiitwa Kichwele. Basi vyote vinavyohitajika vinapatikana kwa mwendo wa miguu.

Wa kwanza tulimpa fundi cherehani mmoja, akaupiga mistari mizuri mpaka mgongoni. Usiku ule ule ukavuja. Kila tundu la sindano lilikuwa mlango wa maji. Tukajifunza hivi:

Kwanza fua kanga, ipungue na kuchuja rangi kabla ya kukatwa. Katikati weka taulo kuukuu au blanketi la pamba, si sufi. Piga mistari kupitia kanga na taulo tu. Kisha weka mpira, upande wa plastiki uelekee ndani, na uushone pembeni peke yake. Tumia vibanio vya nguo badala ya pini. Usiupige pasi ya moto, na uuanike kivulini penye upepo. Mfarishi huu hutandikwa chini ya mtu; mtoto mchanga asifunikwe nao.

Dini yetu haikumfanyia mtu ukali kwa jambo hili. Mtoto mchanga alimkojolea Mtume (s.a.w.) nguoni, naye akaagiza maji akainyunyizia, hakumfokea mtu. Mbedui alipokojoa msikitini, alizuia watu wasimkatize, kisha pakamwagiwa ndoo ya maji. Tahara ni maji na upole. Na mwenye kutokwa na mkojo bila hiari ana nafuu yake katika sheria: atatawadha kwa kila sala ya faradhi wakati wake ukiingia, na ataswali.

Bibi alitandikiwa mfarishi wa pili bila maneno mengi, jina la kanga likiwa upande wa kichwa. Alilala kwetu siku tatu, kisha wiki. Asubuhi tulifua, tukaanika, tukanywa chai.

Basi bibi harusi, katika sanduku lako tia mmoja. Utamfaa mwanao katika arobaini yake, utamfaa mama mkwe akija kukutembelea, na siku moja, inshaallah, utakufaa wewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu bibi zetu na azitie baraka nyumba zenu. Amin.